Mpaka wa Jirani na Haki ya Mayatima



Tumepokea barua ya dada yetu mmoja, mzaliwa wa pwani aliyeolewa Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay. Mumewe amefariki akamwachia watoto wanne wadogo na kiwanja kilichozungushiwa minyaa, ambayo wenyeji huiita ojuok na huipanda mipakani. Dada alipotoka eda, alikuta jirani ameng'oa sehemu ya minyaa hiyo na kujenga chumba cha jiko kilichoingia kiwanjani hatua tatu. Jirani huyo si Muislamu, lakini aliwafaa: mume alipokuwa mgonjwa, yeye ndiye aliyewalimia shamba kwa ng'ombe wake. Dada anauliza: je, anyamaze kwa ajili ya ujirani, au aseme aonekane mgeni asiye na shukrani?

Haki ya jirani ni kubwa, wala haipungui kwa kuwa yeye si wa dini yetu. Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kwamba Jibril alimuusia mno juu ya jirani, hata akadhani kuwa jirani atatiwa katika mirathi. Lakini Mtume huyo huyo ameonya kwamba mwenye kudhulumu ardhi, hata shubiri moja, Siku ya Kiyama atavishwa shingoni ardhi saba. Na imepokewa katika Sahihi Muslim laana juu ya anayebadilisha alama za mipaka. Mafundisho haya hayapingani. Wema wa ng'ombe hulipwa kwa wema, haulipwi kwa ardhi.

Wako wanaomwambia mjane, "Samehe, Mungu atakulipa." Ni neno zuri akiambiwa mwenye mali. Lakini kiwanja hiki si cha dada peke yake. Mume akiacha watoto, fungu la mke katika Qur'ani ni thumuni. Kilichobaki ni cha watoto na warithi wengine wenye haki. Dada anaweza kusamehe kilicho chake. Cha mayatima hana ruhusa ya kukitoa sadaka, hata kwa jirani mwema. Akinyamaza, watakaolipa ni watoto wasioweza bado kujisemea.

Tena iko hatari ya sheria. Nchini Kenya, mtu akiikalia ardhi ya mwenziwe waziwazi, bila idhini, kwa miaka 12 mfululizo, mwenyewe huweza kupoteza haki ya kuidai mahakamani. Hata hivyo mvamizi asifurahi. Wamepokea Abu Daud na Tirmidhi kwamba aliyepanda katika ardhi ya mwingine kwa dhuluma hapati haki kwa kupanda kwake. Miaka huweza kufunga mlango wa mahakama ya dunia. Haufungi ule wa Akhera.

Basi afanye nini? Kwanza, amwendee jirani nyumbani kwake pamoja na mzee wa ukoo wa mumewe, wala asimsemee sokoni. Aanze kwa kumshukuru kwa ng'ombe wake, kisha aulize kabla ya kutuhumu. Huenda jirani amekosea, au marehemu alimpa ruhusa ambayo mke hakuijua. Wazee na chifu wanaweza kusaidia. Asibomoe jiko, wala asiwaachie vijana wabomoe. Mashina ya minyaa yaliyobaki yaachwe na yapigwe picha, kwani ni ushahidi.

Pili, atengeneze mirathi. Ikiwa hati ingali kwa jina la marehemu, lazima pawe na msimamizi wa mirathi aliyeidhinishwa na mahakama. Kwa Waislamu waliokubali kuhukumiwa nayo, Mahakama ya Kadhi ina mamlaka hayo chini ya Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010. Lakini kesi ya mpaka haimo katika kazi ya Kadhi, na dada wengi hupoteza nauli na siku kwa kutolijua hili.

Tatu, mazungumzo yakishindwa, amwandikie msajili wa ardhi. Kwa Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, mahakama haisikilizi mgogoro wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mpaka wenyewe haujaamuliwa kwa njia ya msajili. Pande zote hupewa taarifa, na mpima hutazama ramani na alama zilizopo.

Mpaka ukijulikana, sulhu ingali bora. Jirani aweza kuhamisha jiko, au kutoa kipande cha thamani sawa, au kununua kwa bei ya haki ikiwa kuna maslahi kwa mayatima. Yaandikwe mbele ya mashahidi. Na ikiwa ni ardhi ya kilimo, ipatikane idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi. Sulhu inayowapunguzia mayatima haki yao haifai.

Nanyi akina baba mnaosoma ukurasa huu pamoja na jamaa zenu, msingoje mpaka mugonjweke. Wiki hii mchukue mkeo na wanao, mzunguke mpaka wote, uwaonyeshe kila jiwe na kila mti, na uwaambie hati imewekwa wapi. Laiti marehemu yule alipata kufanya hivyo, leo dada yetu angemwendea jirani akiwa na hakika.

Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, awalinde mayatima wake, na azipatanishe nyoyo za majirani hawa. Amin. Wallahu aalam.