Sifa Iliyotangulia Chombo

Wahenga walinena ya kuwa kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Nimeifundisha methali hii darasani kwa miaka kadha wa kadha, na kila mwaka naiona inapungukiwa na nguvu. Si kwamba wahenga walikosea. Ni kwamba biashara ya zama hizi imepata ufundi wa kukitembeza kitu hata kabla hakijaonekana, mpaka mnunuzi hana tena nafasi ya kupambanua kizuri na kibaya. Juu ya ufundi huo nina ugomvi, na ushahidi wangu wa kwanza ni chombo ambacho, kwa kichekesho, kiliundwa kwa ajili ya kuwatembeza watu.

Mwezi wa Januari 2001 habari zilivuja huko Marekani ya kwamba shirika moja la kuchapa vitabu limelipa dola 250,000 ili lipate kitabu juu ya uvumbuzi mpya wa Dean Kamen, mvumbuzi wa jimbo la New Hampshire. Uvumbuzi wenyewe haukutajwa. Jina lake la siri lilikuwa Ginger, na wengine walikiita kwa neno lisilosema lolote zaidi ya “Hicho”. Ilisimuliwa ya kuwa Steve Jobs, mkuu wa Apple, alitabiri kwamba miji itajengwa kwa kukifuata chombo hicho, na kwamba mwekezaji John Doerr alidhani huenda kikawa kikubwa kuliko intaneti. Basi watu wakaanza kubuni. Huyu alisema kinaruka, yule alisema kinatumia hidrojeni, mwingine akaapa ya kuwa kimeshinda nguvu ya ardhi ivutayo vitu chini.

Tazama, msomaji, werevu wa jambo hili. Kitu kisichoonekana hakina kasoro. Mwenye miguu michovu hukitia mapumziko, mwenye haraka hukitia mbio, na maskini hukitia urahisi wa bei. Kila mtu hukijaza haja yake mwenyewe, kisha huipenda haja hiyo akidhani anakipenda chombo. Sidai ya kuwa Kamen ndiye aliyezivujisha habari. Lakini ngoma ilipokwisha kulia, hakuna aliyekuwa na faida ya kuinyamazisha.

Tarehe 3 Desemba 2001 pazia lilifunuliwa mbele ya kamera za televisheni jijini New York. Kilichotokea kilikuwa kibao cha kusimamia, chenye magurudumu mawili yaliyokaa ubavu kwa ubavu na fimbo ya kushikia. Ukiinama mbele kinakwenda, ukijivuta nyuma kinasimama, na hakianguki, kwa kuwa vyombo vilivyomo ndani hupima mwinamo wa mtu mara nyingi katika kila nukta. Kiliitwa Segway. Bei yake ilikuwa karibu dola 5,000, na uzito wake kama kilo 38. Kamen alisema kitaifanya motokaa kama motokaa ilivyoyafanya magari ya farasi. Kiwanda kikatayarishwa kwa matumaini ya kutoa mashine 40,000 kila mwezi. Uundaji wa chombo hicho ulipokomeshwa mwezi wa Julai 2020, zilizokuwa zimeuzwa zilikuwa kama 140,000 tu. Kazi iliyokusudiwa kufanywa kwa miezi mitatu na nusu ilichukua zaidi ya miaka kumi na minane, na bado nakiita chombo hicho hodari!

Watetezi wa matangazo wana jibu. Husema ulimwengu haukuwa tayari. Sheria za mjini zilikizuia, kama San Francisco ilivyokikataza njia za waendao kwa miguu. Ni kweli ilikataza. Walakini jibu hili lina kiburi kilichojificha, kwa maana linawahukumu wanunuzi badala ya kumhukumu mpiga ngoma. Chombo chenyewe hakikuwa kibovu. Askari wa doria walikitumia, na waongoza watalii, kwa sababu hao walikuwa na kazi iliyokihitaji. Lau kingeuzwa tangu mwanzo kuwa chombo cha kazi hizo, kisingechekwa na mtu. Lakini kilichouzwa ni mapinduzi ya ulimwengu, na chombo cha kilo 38 kisichoweza kupanda ngazi hakingeweza kuyabeba.

Nasema hakingeweza kupanda ngazi, na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kamen huyo huyo alikuwa amekwisha buni chombo kilichoweza. Ni kiti cha magurudumu kiitwacho iBOT, na ufundi wa Segway ulitokana na kiti hicho. Kilipanda na kushuka ngazi. Kilisimama juu ya magurudumu mawili, hata mlemavu aliyekaa humo akaweza kutazamana na wenziwe waliosimama macho kwa macho, badala ya kuzungumza na mishipi yao. Serikali ya Marekani ilikiidhinisha mwaka 2003. Bei yake ilipita dola 20,000, bima hazikutaka kukilipia ipasavyo, na mwanzoni mwa mwaka 2009 uuzaji wake ukasimama. Miaka kumi ikapita kabla hakijarudi katika biashara. Hata mimi sisemi kwamba tarumbeta peke yake ingekiokoa. Nauliza tu tarumbeta zilikuwa wapi. Zilikuwa zikilia mbele ya watu wenye miguu mizima, zikiwashawishi wasiitumie.

Huenda kijana wa Nyeri au Kilifi akasema, “Mwalimu, mambo hayo ya Marekani yatuhusu nini?” Nitamjibu kwa kuungama aibu yangu.

Mwaka 2015 kilitokea kibao kingine cha magurudumu mawili, kidogo, kisicho na fimbo, nacho kikaenea duniani kwa jina la hovabodi, yaani kibao kielecho hewani. Jina hilo ni uongo mtupu. Magurudumu yake yanagusa ardhi kama ya mkokoteni. Betri za vingi vilivyoundwa ovyo ziliwaka moto. Mashirika ya ndege yakavikataza, na Julai 2016 wakuu wa Marekani wakatangaza virudishwe zaidi ya 500,000. Lakini wachezaji na waimbaji mashuhuri walikuwa wamepigwa picha juu yake, nami nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu mwenye picha hizo kwenye simu. Mama alikuwa ameuza mtamba, akanitumia karo ya muhula. Nikaingia katika duka moja mjini, nikatoka na hovabodi iliyotumika.

Kwa siku nne nilikuwa mfalme wa varanda ya saruji. Likizo ilipofika nikaipeleka nyumbani, nikaiweka juu ya barabara yetu ya murram, nayo ikatetemeka, ikazunguka, ikanitupa mtaroni. Mama aliitazama kwa muda.

“Mwanangu, hiki hubeba nini?”

“Hubeba mtu, mama.”

“Na huyo mtu hapo kwanza alikuwa akibebwa na nini?”

Hakuniuliza neno lingine. Karo ile niliilipa kwa kibarua cha kuchuma majani ya chai, mimi na yeye, likizo nzima. Na mtamba hakurudi.

Siku hizo za kuchuma chai nilizitazama bodaboda zikipita na magunia, na wagonjwa, na watoto watatu wa shule (jambo lisilo halali, najua). Nani aliyeitangaza bodaboda? Ilianza kwa baiskeli mpakani Busia, ambako watu walihitaji kuvushwa na mizigo yao kutoka kituo hiki mpaka kile, na jina lake ni mwito wa wapanda baiskeli waliotafuta abiria wa mpaka hata mpaka. Hakuna aliyelipwa kulibuni. Jina lile lilizaliwa na kazi. La hovabodi lilitumwa mbele ya kazi ili lizuie isiulizwe.

Juma lililopita mwanafunzi wangu mmoja alinionyesha picha ya skuta mpya ya umeme, akanisihi nimsemee kwa baba yake. Alilijua jina lake, rangi zake zote tano, na mchezaji wa mpira aliyesimama juu yake. Nilimwuliza uzito wake, nikamwuliza huenda kilomita ngapi kabla betri haijaisha, na ni nani hapa kwetu awezaye kuitengeneza. Akanyamaza. Nimemtuma akatafute majibu hayo matatu kabla sijaonana na baba yake, na hadi leo bado namngoja.