Dume Mpya Hana Data: Kwa Nini Siamini Bei za Farasi Wachanga wa Mbegu

Leo naweka kando simu na kompyuta, tuzungumze kuhusu farasi. Usiondoke kwanza, ndugu msomaji. Chini ya kwato hizi kuna tatizo la data ambalo mtu yeyote aliyewahi kuandika programu ya kupanga vitu kwa alama atalitambua mara moja.

Tatizo lenyewe ni hili. Farasi dume wa mbio, wa ile aina ya thorobredi, akishinda mbio kubwa hustaafishwa angali kijana, mara nyingi akiwa na miaka mitatu au minne, na kupelekwa shambani kupanda majike. Mwenye jike hulipa ada ya kupandisha. Ada hiyo hupangwa kabla dume hajapata hata mtoto mmoja! Ni kama kuweka bei ya programu ambayo haijaandikwa, kwa kuangalia tu cheti cha atakayeiandika.

Na si pesa za mboga. Frankel, farasi wa Uingereza, alikimbia mara 14 kati ya 2010 na 2012 na akashinda zote 14. Alipoanza kazi ya mbegu mwaka 2013, ada yake ilikuwa pauni 125,000 kwa jike mmoja. Kwa Frankel mambo yalienda vizuri: mwaka 2021, na tena 2023, alikuwa baba aliyeongoza Uingereza na Ireland kwa pesa walizoshinda watoto wake. Lakini kila msimu huingia madume wapya wenye sifa tele, na wengi wao baada ya miaka michache huwasikii tena.

Msimamo wangu ni mfupi. Dume mchanga hupimwa kwa vitu vilivyo rahisi kuonekana: mbio alizoshinda, nasaba yake, na idadi ya ushindi wa watoto wake wa kwanza. Kinachofaa kupimwa ni tofauti anayoleta kwa majike aliopewa. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Majibu huchelewa miaka minne

Tufuate kalenda. Tuseme dume amestaafu mwishoni mwa 2021. Anaanza kupanda Februari 2022. Mimba ya farasi huchukua kama miezi 11, kwa hiyo watoto wanazaliwa 2023. Mwaka 2024 wengi wao wanauzwa mnadani wakiwa na umri wa mwaka mmoja. Mwaka 2025, wakiwa na miaka miwili, ndipo wanaanza kukimbia. Derby ni ya farasi wa miaka mitatu, yaani 2026. Siku hiyo ya Derby, baba yao ameshamaliza misimu minne ya kupanda na wa tano uko ukingoni.

Wewe uliye mwandishi wa programu, fikiria kusambaza matoleo manne kwa wateja kabla ya kupokea ripoti ya kwanza ya hitilafu. Ndiyo biashara yenyewe.

Soko nalo lina tabia ya ajabu. Msimu wa kwanza majike hujaa, kwa sababu dume ambaye hajazaa hajawahi kuzaa mtoto mzembe. Ufikapo msimu wa tatu na wa nne, wateja wanakimbilia dume mpya zaidi, kwa hofu kwamba watoto wa huyu wakianza kukimbia ukweli utafichuka. Mfugaji anayefuga ili auze anajua kwamba mtoto wake atauzwa mnadani kabla matokeo hayajajulikana. Atakayebaki na jibu mkononi ni mnunuzi. Kwa hiyo bei ya mwanzo inapima matumaini ya mnada zaidi ya inavyopima damu.

Tazama Dubawi wa Godolphin, kampuni ya mbio ya mtawala wa Dubai. Alianza mwaka 2006 kwa pauni 25,000. Mwaka 2009, mwaka uleule watoto wake wa kwanza walipoingia viwanjani, ada yake ilikuwa imeshuka hadi pauni 15,000. Mwaka 2022 aliongoza orodha ya mababa wa Uingereza na Ireland, na mwaka 2023 ada yake ilikuwa pauni 350,000. Kule Kentucky, Marekani, Into Mischief alianza mwaka 2009 kwa dola 12,500, kisha akashushwa hadi 7,500 kabla watoto wake hawajaonekana wakikimbia. Kuanzia 2019 amekuwa akiongoza mababa wa Amerika Kaskazini mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2023 ada yake ilikuwa dola 250,000.

Sisemi kila dume aliyeshushwa bei ni Dubawi aliyejificha. Wengi walioshushwa walistahili. Ninachosema ni kwamba bei haikuwa ikijua lolote, kwa sababu hapakuwa na cha kujua.

Medali na nasaba hutufikisha wapi?

Zinatufikisha mahali, ila si mbali. Danzig alikimbia mara 3 tu kabla ya kuumia goti. Alishinda zote 3, lakini hakuna iliyokuwa mbio kubwa. Akaja kuongoza mababa wa Marekani mwaka 1991, 1992 na 1993. Secretariat, aliyetwaa mataji yote matatu ya Marekani mwaka 1973 kwa kasi ambayo watu wanaisimulia hadi leo, hakupata mtoto wa kiume aliyemfikia kama baba. Damu yake ilipita zaidi kwa mabinti: A.P. Indy na Storm Cat, madume wawili wakubwa waliokuja baadaye, wote ni wajukuu wake kwa upande wa mama.

Naye Cigar, farasi bora wa Marekani mwaka 1995 na 1996, alipopelekwa shambani iligunduliwa kuwa ni tasa. Hakuacha hata mtoto mmoja. Kampuni ya bima ililipa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa ndugu wawili. Galileo na Black Sam Bellamy walikuwa baba mmoja, Sadler's Wells, na mama mmoja, Urban Sea. Ukichapisha nasaba zao, kurasa mbili zinafanana herufi kwa herufi. Wote wawili walishinda mbio za daraja la kwanza. Galileo, aliyeshinda Derby ya Epsom mwaka 2001, aliongoza mababa wa Uingereza na Ireland mara 12 na akamzaa Frankel. Ndugu yake alijulikana zaidi kama baba wa farasi wa kuruka viunzi, ngazi ya chini sana kwa bei na hadhi. Kila mtoto huchukua nusu ya jeni za baba na nusu za mama, na nusu hizo huchanganywa upya kila mara kama karata. Nasaba inakuambia ni karata zipi zilikuwa mezani. Haikuambii nani alipewa zipi.

Mwaka 2008 watafiti Alastair Wilson na Andrew Rambaut walichapisha uchambuzi katika jarida la Biology Letters. Walikuta kwamba jeni zinaeleza sehemu ndogo tu, kama asilimia 10, ya tofauti za pesa ambazo farasi hushinda maishani, na kwamba ada ya kupandisha si kipimo cha kuaminika cha ubora wa jeni za dume. Sehemu kubwa inatokana na mambo mengine: malezi, mkufunzi, joki, na mbio anazochaguliwa farasi.

Vipi kuhusu kipimo cha maabara? Mwaka 2010 kikundi cha Emmeline Hill wa University College Dublin kilionyesha kwamba jeni ya myostatini inahusiana na masafa yanayomfaa farasi: mfupi, wa kati au mrefu. Ni habari muhimu kwa kuchagua jike wa kumpa dume. Lakini inakuambia mtoto atafaa mbio za aina gani, haikuambii kama atazishinda.

Hesabu mama kwanza

Sasa tufike kwenye kiini. Watoto wa kwanza wamekimbia, na magazeti ya mbio yanapanga madume wapya kwa idadi ya watoto walioshinda. Chukua mfano wa kubuni. Dume A ana watoto 60 waliokimbia, 27 wameshinda: asilimia 45. Dume B ana 60 pia, 21 wameshinda: asilimia 35. A anatangazwa shujaa.

Ngoja. Waulize mama zao. Tuseme majike wa A, walipopandwa na madume wengine, watoto wao walishinda kwa asilimia 50. Majike wa B walishinda kwa asilimia 25. Basi A ameshusha majike wazuri kwa 5, na B amepandisha majike wa kawaida kwa 10. Shujaa ni B, na huenda msimu ujao asipate wateja.

Wamarekani wana vipimo viwili vya kufanya hesabu hii, AEI na CI, ambavyo utavikuta kwenye kurasa za matangazo ya madume. Cha kwanza kinalinganisha mapato ya watoto wa dume na wastani wa farasi wote, ambao ni 1.00. Cha pili kinaonyesha watoto wa majike walewale walipata kiasi gani kwa madume wengine. AEI ikizidi CI, dume anaongeza kitu. Ikipungua, anakula jasho la majike. Kipimo hiki kina kasoro: kinatumia pesa, na pesa za mbio hazigawanyiki sawa. Mshindi wa Saudi Cup, mbio iliyoanza mwaka 2020, huondoka na dola milioni 10. Mtoto mmoja wa namna hiyo anaweza kumpamba baba aliyezaa mamia ya wavivu. Hata hivyo, swali linaloulizwa ndilo swali sahihi.

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanalijua hili zamani. Mfugaji wa Githunguri anayechagua mbegu ya fahali haulizi fahali alikuwa mzuri kiasi gani, maana fahali hakamuliwi. Anauliza mabinti zake wanatoa maziwa kiasi gani. Kwa kuwa mbegu huwekwa kwa mrija, fahali mmoja ana mabinti katika maelfu ya mashamba tofauti, na hesabu inaweza kumtenga yeye na ubora wa shamba. Kwa thorobredi njia hiyo imefungwa: mtoto aliyepatikana kwa mrija hasajiliwi. Dume lazima apande mwenyewe, na dume wa bei ghali hupata majike wa bei ghali, ambao watoto wao huenda kwa wakufunzi wa bei ghali. Kila kitu kimefungamana na kila kitu.

Sampuli ndogo hudanganya

Mfano mwingine wa kubuni. Dume X: watoto 20 wamekimbia, 3 ni farasi bora. Dume Y: watoto 100, 10 ni bora. X ana asilimia 15, Y ana 10. Nani zaidi?

Tuseme wastani wa madume wote ni asilimia 5. Kabla ya kuhesabu, mpe kila dume watoto 100 wa kufikirika wenye wastani huo, yaani 5 bora katika 100. X anakuwa na 8 katika 120, kama asilimia 6.7. Y anakuwa na 15 katika 200, asilimia 7.5. Y amepita. Namba hiyo 100 si ya uchawi. Unaipata kwa kuchunguza madume wa zamani: matokeo ya watoto wao wa kwanza yalitabiri yaliyofuata kwa kiasi gani? Ni mistari michache ya programu, lakini inazima kelele nyingi.

Ongeza jambo la umri. Orodha za msimu wa kwanza zinahesabu farasi wa miaka miwili, kwa hiyo zinampenda dume ambaye watoto wake hukomaa mapema. Yule ambaye watoto wake watang'aa wakiwa na miaka mitatu, katika mita 2,400, bado haonekani.

Hapa kwetu, ambako mbio hukimbiwa uwanja wa Ngong na farasi ni wachache, tatizo linazidi. Dume mwenye watoto watano hana takwimu, ana hadithi tu.

Nani anaumia?

Tajiri mwenye majike 200 akikosea dume mmoja, wengine watamfidia. Mfugaji mwenye majike wawili hana fidia. Jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka, na miaka yake ya uzazi inahesabika. Ukimpa dume asiyefaa umepoteza mwaka mzima wa jike, ada, lishe na daktari, na umeleta duniani farasi ambaye huenda asitakiwe na mtu.

Kizazi kizima nacho kinaumia. Wateja wote wakimfuata dume mmoja wa mtindo, damu inakuwa finyu. Marekani mwaka 2020 waliweka kanuni kwamba dume aliyezaliwa kuanzia mwaka huo asipande zaidi ya majike 140 kwa mwaka, kisha wakaifuta mwaka 2022 baada ya mashamba makubwa kwenda mahakamani.

Kwa hiyo, ukijenga programu ya kuwashauri wafugaji, usiwape alama moja ya kung'aa, 87 kwa 100. Waonyeshe mambo manne: watoto wangapi wamekimbia, mama zao walifanya nini kwa madume wengine, makadirio yanaweza kuyumba kutoka wapi hadi wapi, na dume ana uwezo gani wa kutia mimba. Dume ambaye hana watoto viwanjani, sanduku lake liachwe tupu. Sanduku tupu lina ukweli kuliko namba ya kubuni.

Najua wazee wa mbio watasema jicho la mfugaji linaona ambacho kompyuta haioni: mwendo, kifua, miguu, hasira. Sikatai, jicho lina nafasi yake. Ila naomba waliandike. Kabla watoto hawajakimbia, waandike nani atafaulu na nani atashindwa, waweke tarehe, kisha baada ya miaka minne tufungue daftari tuhesabu pamoja.