Ukuta Ni wa Wote, Uso Ni wa Mwenyewe

Ndugu zangu vijana, na nyinyi wakubwa wetu wa mashirika mnaosoma hapa, leo nataka tugombane kidogo. Kwa heshima, lakini tugombane.

Siku moja nilitoka Bwera kwenda Kampala kufuatilia karatasi zangu. Tulipita Kasese vizuri tu, halafu katika mji mmoja mbele basi likapata shida ya tairi. Dereva akasema saa mbili. Karibu na stendi kulikuwa na kanisa kubwa, jina lake silitaji. Mlango ulikuwa wazi, nikaingia.

Jamani, mimi tangu tuvuke mpaka nasali chini ya mabati, na kabla ya mabati nilisali chini ya turubai. Hapo ndani dari lilikuwa juu mpaka shingo inauma ukilitazama. Madirisha ya vioo vya rangi, jua linaingia nyekundu na buluu, linaanguka kwenye benchi. Nikatoa simu yangu, ile yenye kioo kilichopasuka, nikapiga picha tatu: dari, madirisha, na altare.

Mkono ukanishika bega. "Wewe kijana, nani amekuruhusu? Unatoka wapi?" Nikajibu, na Kiswahili changu kikanichongea. "Aa, Mkongo. Futa zote. Mbele yangu."

Hatua tano kutoka pale alisimama mgeni mzungu, kamera yake ina lenzi ndefu kama mkono wangu. Anapiga, anageuka, anapiga tena. Yule aliyenishika alimpungia mkono akamwambia, "Karibu sana."

Najua wengi wenu mtasema: basi kaka, hiyo ni ubaguzi, imekwisha. Haijaisha, juu nilipokuwa nafuta picha ya tatu ndipo niliona kitu. Chini ya altare, upande wa kushoto, kulikuwa na mama amepiga magoti. Uso wake ameuinua na machozi yanaonekana. Mimi sikumwona kabisa wakati napiga. Nilikuwa naona altare tu.

Kwa hiyo yule bwana alikuwa na sababu ya kunizuia, lakini sababu hiyo hakuisema, kwa sababu hakuwa nayo kichwani. Kama angekuwa anamlinda yule mama, angemzuia na mwenye lenzi ndefu. Mama yule aliondoka na mgeni, ndani ya kamera, mpaka nchi ambayo hata hataijua. Kilicholindwa siku ile ni kuta na vioo, na vililindwa dhidi yangu mimi.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Makanisa yetu mengi yana sheria ya picha iliyogeuzwa kichwa chini. Inauliza nani ameshika kamera, wakati ingepaswa kuuliza nani yuko mbele ya kamera.

Sitaki kuwaonea walinzi. Watu wa huku wana haki ya kuogopa. Kasindi iko hapo tu, ukisimama Mpondwe unaiona ng'ambo ya mto. Jumapili ya tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka ndani ya kanisa la CEPAC pale Kasindi, watu wakiwa kwenye ibada ya ubatizo. Zaidi ya watu kumi walikufa. Miezi mitano baadaye, usiku wa tarehe 16 Juni, waasi wa ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, upande wetu huu, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Baada ya hayo, mtu akiona kijana asiyemjua anapiga picha milango na madirisha ya kanisa, lazima roho ishtuke. Mimi pia ingeshtuka. Niulize basi. Angalia begi langu, nipeleke kwa padri au mchungaji. Lakini ukimkagua Mkongo peke yake, hapo unakagua lugha yake tu. Tena sisi ndio tuliowakimbia haohao unaowaogopa.

Na kuna jambo wengine hamlijui kuhusu sisi na picha. Mkimbizi akipiga picha ya jengo, mara nyingi hachezi. Kanisa nililobatizwa, upande ule, mimi sina hata picha yake moja ya ndani. Nakumbuka ngoma ilikuwa kulia. Au kushoto? Kaka yangu anasema kushoto. Hakuna wa kutuamua. Baada ya bomu la Kasindi, picha zilizonifikia kwenye WhatsApp zilikuwa za damu tu. Hakuna aliyenitumia picha ya kanisa lile siku ya kawaida, viti vimepangwa, watoto wamelala kwenye mapaja.

Jengo linaweza kuondoka siku moja. Waganda wenyewe wanajua. Pale Namirembe, Kampala, kanisa moja la zamani lilibomolewa na upepo mwaka 1894. Wakajenga la matofali, watu wakabeba udongo na matofali kwa mikono, likamalizika 1904. Mwaka 1910 radi ikalichoma. Hili tunaloliona leo lilijengwa kuanzia 1915 mpaka 1919. Na lile lililoungua, mtu wa leo anajua lilivyokuwa kwa sababu kuna watu walilipiga picha likiwa limesimama. Basi msituambie kupiga picha ukuta wa kanisa ni dharau. Kuna siku picha ndiyo inabaki.

Wengine wanasema, "Kanisa ni takatifu, hata Ulaya wanakataza." Ni kweli, wako wanaokataza. Kule Vatikani, Kanisa la Sistine, mgeni haruhusiwi kupiga picha. Lakini jueni na hili: wakati michoro ile inakarabatiwa, kuanzia miaka ya 1980, kampuni ya televisheni ya Japani, Nippon TV, ndiyo ilitoa pesa, na ikapewa haki za picha za kazi ile. Kwa hiyo tusikimbilie neno "utakatifu" kila mara. Mara nyingine ni pesa, mara nyingine ni woga, mara nyingine ni mazoea tu. Kama ni utakatifu kweli, basi anayeomba ni mtakatifu kuliko benchi alilokalia.

Sasa nawageukia wakubwa wetu wa mashirika. Msikunje uso, nyinyi pia ni wageni ndani ya makanisa yetu.

Mama mdogo wangu anauza samaki sokoni Mpondwe. Jumapili moja hapa Bwera walikuja watu wa shirika, wamevaa jaketi zenye nembo, wakaingia katikati ya ibada na kamera. Mchungaji akawakaribisha, watu wakapiga makofi. Mama mdogo alikuwa amefumba macho, analia. Miezi michache baadaye picha yake ikaonekana kwenye bango, na maandishi yanasema anaomba msaada wa chakula. Eti chakula! Siku ile alikuwa anashukuru kwa sababu mtoto wake alitoka hospitali mzima. Wenzake wa likelemba wakaanza kumuuliza pesa za wazungu ameficha wapi. Mpaka leo akisali anafunika uso na kitenge.

Nilimweleza mfanyakazi mmoja wa shirika habari hii. Akajibu, "Lakini mchungaji aliruhusu." Hapana, mkubwa. Mchungaji anaweza kuruhusu picha ya mimbari, ya paa, ya ngoma. Uso wa mama mdogo si mali ya parokia. Na hata sheria ya Uganda ya mwaka 2019, ile ya kulinda taarifa binafsi na faragha, inaiweka imani ya dini ya mtu kwenye kundi la taarifa zinazohitaji ulinzi zaidi. Mtu anatambulika, amepiga magoti mbele ya altare: kama hiyo haionyeshi imani yake, inaonyesha nini? Tena kuna watu kati yetu ambao hawakukimbia vita peke yake. Wamekimbia mtu, na huyo mtu ana simu.

"Wafadhili wanataka kuona watu." Sawa. Waoneni watu waliokubali, wakiwa macho, baada ya ibada, wakijua picha inaenda wapi na chini yake kutaandikwa nini. Akisema hapana, iwe hapana, na msaada wake usipungue.

Na sisi vijana tusijifanye malaika. Ni nani hapa hajarusha kwenye status video ya mtu aliyeanguka kwenye maombi, na vicheko chini yake? Nimefanya, mmefanya. Tunalia tukipigwa picha kambini, halafu Jumapili tunawafanyia wenzetu hivyohivyo.

Mimi naomba mambo matatu tu. Kanisa lolote, dogo au kubwa, liandike mlangoni sheria moja kwa kila mtu, mwenye kamera ya milioni na mwenye simu iliyopasuka. Wakati wa ibada, kamera zilale, hata za mashirika, hata za harusi mpaka wenye harusi na waumini wakubaliane. Na wakati hakuna ibada, mtu akiomba kupiga picha jengo, aruhusiwe, awe Mganda, mzungu, au Mkongo. Akiona mtu anasali, asubiri amalize.

Niliporudi Bwera nilimwendea mzee wa kanisa letu siku ya Jumanne. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo. Naomba kupiga picha ndani kukiwa hakuna mtu." Akanitazama kidogo, akachukua funguo. Tulipoingia akanionyesha yeye mwenyewe: "Piga na hapa paa linapovuja, tuwaonyeshe wanakamati. Na ngoma usiisahau."

Ngoma iko kushoto. Safari hii ninayo picha, kaka yangu hatabisha.