Ushahidi Usifichwe

Ndugu Waislamu, mwezi Februari 1984, vikosi vya usalama vya Kenya viliwakusanya wanaume wa Kisomali wa ukoo wa Degodia katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, Wajir. Waliwekwa juani siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Serikali ikatangaza maiti 57. Wajane walijua kuwa si kweli, lakini wakalia ndani kwa ndani.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Mwaka 2007, S. Abdi Sheikh alichapisha kitabu juu ya mauaji hayo. Manusura nao wakatoa ushahidi mbele ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ambayo ripoti yake ya 2013 ilieleza kuwa waliouawa huenda wakakaribia 1,000. Kalamu haikumfufua maiti, bali ilimwondolea yatima uchungu wa kuitwa mwongo.

Qur'ani Tukufu, Al-Baqara aya ya 283, inakataza kuficha ushahidi. Basi vijana wa kila msikiti wakae na wazee waliofikwa na dhulma, waandike majina, tarehe na mahali, kisha wadai haki kwa njia za sheria. Kisasi si dawa, wala kusahau si subira.

Wabillahi tawfiq.