Mizani imepata kanuni moja, kitanda cha upasuaji nacho kipate

Kila mfanyabiashara anayepitisha mzigo Busia, Malaba, Mutukula au Rusumo anaijua mizani. Kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimeweka kikomo cha tani 56 kwa lori kubwa kabisa, lakini dereva mzoefu anajua kwamba jumla ya tani si hesabu yote. Lori linaweza kuwa chini ya kikomo na bado likazuiwa kwa sababu mzigo umepangwa vibaya, ukaielemea ekseli moja. Uzito haujazidi, kosa liko kwenye mpangilio.

Mwili wa mgonjwa kwenye kitanda cha upasuaji nao una ekseli zake. Mtu aliye macho akibanwa hujigeuza. Aliyepewa dawa ya usingizi, au sindano ya ganzi mgongoni, hawezi. Atabaki vile alivyolazwa hadi wengine wamgeuze. Akilazwa kifudifudi kwa upasuaji wa mgongo bila tumbo kuachiwa nafasi, mishipa ya ndani hubanwa na damu inayorudi moyoni hupungua. Akiketishwa kwa upasuaji wa bega, presha inaweza kushuka na ubongo ukakosa damu ya kutosha. Moyo usio na hitilafu yoyote unaweza kuyumba kwa sababu ya mlalo tu.

Anayekutana na hatari hii mara nyingi zaidi katika ukanda huu ni mama mjamzito anayejifungua kwa upasuaji. Mimba inapokuwa kubwa, mji wa mimba ukiwa na mtoto na maji yake huwa mzigo mzito. Mama akilala chali, mzigo huo huulalia mshipa mkubwa unaopita mbele ya uti wa mgongo kurudisha damu moyoni kutoka miguuni na kiunoni. Damu ikichelewa kurudi, moyo hauna cha kusukuma. Presha hushuka, mama hutoka jasho, husikia kichefuchefu na kizunguzungu, na mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni yanaweza kupungua.

Akiwa nyumbani, mama huyo angegeuka ubavu na hali ingetulia. Mwili pia una njia yake ya kujiokoa, kwani mishipa hujikaza ili presha isianguke. Lakini ganzi ya mgongoni, ambayo ndiyo salama zaidi kwa akina mama wengi, hulegeza mishipa hiyo hiyo. Mama anakuwa hawezi kujigeuza na mishipa yake haiwezi kujikaza. Asipohudumiwa haraka, moyo unaweza kusimama.

Kinga yake haihitaji mkopo wa benki. Shuka lililokunjwa au kabari huwekwa chini ya nyonga ya kulia, au kitanda huinamishwa kiasi cha nyuzi 15 upande wa kushoto, ili mji wa mimba usogee na kuuachia mshipa. Kitanda kikiwa hakiinami, mhudumu mmoja anaweza kulisukuma tumbo kwa mikono kuelekea kushoto hadi mtoto atolewe. Presha hupimwa kila baada ya muda mfupi, na maji ya mishipani pamoja na dawa ya kupandisha presha huwa tayari kabla ya sindano ya ganzi kuchomwa.

Kwamba jambo hili si dogo kunathibitishwa na utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Global Health, uliofuatilia akina mama waliojifungua kwa upasuaji katika nchi 22 za Afrika. Karibu mama 1 kati ya 200 alifariki, kiwango kinachozidi mara 50 kile cha nchi tajiri. Kutokwa na damu nyingi na matatizo ya usingizi na ganzi vilitajwa miongoni mwa sababu kubwa. Mlalo ni sehemu moja tu ya matatizo hayo, lakini ni sehemu ambayo hospitali ya wilaya inaweza kuirekebisha leo, bila kusubiri bajeti ya mwaka ujao.

Kwa wafanyabiashara wa mipakani, habari hii haiko mbali na duka. Wengi wa wanaovusha nyanya, vitenge, samaki na nafaka kwa kiasi kidogo kidogo ni wanawake, na wengi hufanya kazi hadi mimba inapokaribia kutimia. Uchungu hauulizi uko upande gani wa mpaka. Mama wa Busia ya Kenya anaweza kushikwa na uchungu akiwa sokoni upande wa Uganda, kadi yake ya kliniki ikiwa nyumbani, naye akapokewa na wahudumu ambao hawajawahi kumwona.

Hapo ndipo wanaomsindikiza wanapokuwa na neno la kusema. Wapo akina mama ambao valvu za moyo wao ziliharibika kutokana na maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Baadhi hawajui kuwa wanaumwa hadi wanapopata mimba. Mama wa aina hiyo akilazwa chali bila kuinuliwa, maji yanaweza kujaa kwenye mapafu. Dalili yake huwa inajulikana nyumbani kabla ya kujulikana hospitalini: analala kwa mito miwili au mitatu, au huamka usiku akitafuta pumzi. Jirani wa kibandani anayelijua hilo amwambie mtaalamu wa usingizi kabla mgonjwa hajaingizwa chumba cha upasuaji. Sentensi hiyo moja inaweza kubadilisha mlalo, dawa na hata uamuzi wa kumpa rufaa.

Serikali nazo zina wajibu wao. Ibara ya 118 ya Mkataba wa Jumuiya inazitaka nchi wanachama kushirikiana katika afya, ikiwa ni pamoja na kuoanisha sera na kanuni zao. Shirika la Afya Duniani lilizindua mwaka 2008 orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, na limeruhusu kila mahali kuiongezea yanayohitajika. Mawaziri wa afya wa Jumuiya wakubaliane kuongeza mstari mmoja, usomwe kwa sauti katika kila hospitali kutoka Bujumbura hadi Mombasa: mgonjwa amelazwaje, na kama ni mjamzito, je, tumbo limesogezwa kushoto? Jibu liandikwe, na anayeandika atie saini.

Wapo wataalamu watakaopinga. Baadhi ya tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba kwa mama mwenye afya, anayepewa maji na dawa ya kupandisha presha mfululizo kwa pampu, kumwinamisha kunaongeza faida ndogo. Hoja hiyo ina uzito mahali penye pampu, dawa isiyokatika na daktari bingwa wa usingizi. Katika hospitali nyingi za ukanda huu, usingizi hutolewa na afisa mmoja asiye daktari, mwenye kipimo cha presha na chupa chache za dawa. Kwake yeye, shuka lililokunjwa ni akiba isiyoisha stoo. Wengine watasema orodha ni makaratasi tu. Hivyo hivyo ndivyo wasafirishaji walivyolalamikia mizani, kabla ya barabara kuanza kudumu.

Vyama vya wafanyabiashara vimezoea kukutana na maofisa wa forodha kuhusu ushuru, vyeti vya asili ya bidhaa na saa za kufunga mpaka. Katika mkutano ujao, ajenda iongezwe na mganga mkuu wa wilaya aalikwe. Swali la kumuuliza ni fupi: mwanachama wetu akifikishwa kwako usiku kujifungua kwa upasuaji, nani ana kazi ya kuhakikisha halazwi chali? Asipoweza kumtaja mtu kwa cheo chake, kikao kisifungwe.