Kabla ya Kulipia Mtihani wa Kiingereza

Barazani, na Mwalimu Zubeir Khatib

Wiki iliyopita nilipokea barua ya binti mmoja wa hapa Tanga, aliyehitimu shahada yake ya kwanza katika chuo kikuu kimojawapo cha nchini mwetu, na ambaye sasa ana azma ya kwenda ng'ambo kuongeza ilmu. Aliniuliza kwa adabu zote, katika mitihani hii ya Kiingereza itakiwayo na vyuo vya nje, upi ulio mwepesi kuliko mingine, ili aumalize upesi kabla dirisha la maombi halijafungwa. Nimeisoma barua hiyo mara mbili, kwani swali lake ndilo niulizwalo msikitini, sokoni na harusini, na kila niulizwapo huona kwamba limeshika mkia badala ya kichwa: mtu hutafuta habari za mtihani kabla ya kutafuta habari za mlango anaotaka kuuingia, na kabla ya kujua kama mlango huo wautaka mtihani wowote.

Mpwa wangu aliyajua haya kwa gharama kubwa. Alimaliza Kidato cha Sita, akapata nafasi ya mwaka wa matayarisho huko Uingereza, ndio mwaka uitanguliao shahada, na wakala aliyemsaidia kujaza fomu akamwambia aende akafanye IELTS, wala asijitie wasiwasi kwa kuwa IELTS ni moja. Kijana akajifunza usiku na mchana kwa miezi mitatu, akalipa ada inayozidi dola 200, akafaulu vizuri, kisha akaarifiwa kwamba cheti chake hakifai kwa viza. Kwani kwa masomo yaliyo chini ya daraja ya shahada, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza hutaka cheti cha mtihani uliofanywa katika kituo ilichokiidhinisha yenyewe, na kwa upande wa IELTS huo ndio uitwao IELTS for UKVI. Maswali ni ya namna ile ile na alama huhesabiwa kwa kipimo kile kile. Tofauti ni idhini tu, na ulinzi wa kituo chenyewe. Ikambidi alipe mara ya pili, na dada yangu akauza cherehani aliyokuwa akishonea watu tangu mtoto huyo hajazaliwa. Lau mpwa wangu angekuwa anakwenda moja kwa moja kusoma shahada, shida hiyo huenda isingemfika, maana katika daraja hiyo vyuo vikuu vingi vya Uingereza vimeruhusiwa kukipima Kiingereza cha mwanafunzi kwa njia vizionazo vyenyewe kuwa zinafaa, na ndiyo sababu chuo kimoja hukubali TOEFL, kingine PTE, na cha tatu kikaridhika na alama za shuleni.

Basi milango ni miwili, wa chuo na wa serikali, na yote miwili yapasa kubishwa kabla ya kutoa senti moja. Marekani kwa kawaida chuo ndicho kiwekacho sharti la cheti; Australia serikali ina orodha yake ya mitihani ya viza, na Duolingo, ambao vijana wengi wanaupenda kwa urahisi wa bei, haumo ndani yake, japokuwa vyuo kadhaa vya huko huukubali kwa udahili. Siudharau mtihani huo. Mtu huufanya akiwa nyumbani kwa muda wa saa moja hivi, ada yake haifiki dola 100, na majibu hutoka kwa kawaida ndani ya siku mbili. Nao ulienea sana mwaka 2020, wakati Korona ilipovifunga vituo vya mitihani duniani kote. Ila aufanyaye atazamwa na kamera muda wote, haruhusiwi kugeuka huku na huku wala mtu mwingine kuingia chumbani, na umeme ukikatika au intaneti ikizimika katikati, kazi yote yaweza kupotea. Kwa nyumba zetu zenye wageni, watoto na adhana dirishani, hilo si jambo dogo.

Nirudi kwa binti wa barua, kwa maana jambo lake linanigusa zaidi. Nchi yetu iliifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, ikakiacha Kiingereza sekondari na vyuoni. Tume ya elimu ya Makweta mwaka 1982 ikashauri Kiswahili kipande hadi juu, na ushauri huo haukutimizwa. Kwa hiyo binti huyu amesoma Baiolojia, Historia na Jiografia kwa Kiingereza, akaifanya mitihani ya Baraza la Mitihani la Taifa kwa Kiingereza, akaandika na utafiti wake wa shahada kwa Kiingereza. Lakini Tanzania, sawasawa na Kenya na Uganda, haimo katika orodha ya nchi ambazo raia wake husamehewa na Uingereza mtihani wa lugha, ilhali Jamaika na Malta zimo. Vijana wa Nigeria walipaza sauti juu ya jambo hili mwaka 2021, nami naona wana haki kamili. Hata hivyo, ndani ya dhuluma hiyo mna njia ambayo wengi hawaijui: vyuo vikuu vingi vya ng'ambo humsamehe mtihani mwombaji akileta barua ya chuo chake ithibitishayo kwamba alifundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Nawasihi wasajili wa vyuo vyetu waitoe barua hiyo kwa wakati, maana nimesikia ya wahitimu waliosubiri mpaka nafasi zikawapita, na barua yenyewe ni ya ukurasa mmoja.

Ikiwa mtihani hauepukiki, na milango yote miwili yakubali zaidi ya mmoja, hapo ndipo mtu ajitazame nafsi yake. Katika IELTS mtahiniwa huzungumza na mtahini uso kwa uso kwa dakika 11 hadi 14. Katika TOEFL, ulioanza mwaka 1964, na katika PTE huzungumza na kipaza sauti. Sisi tumelelewa kwamba mbele ya mkubwa jibu jema ni jibu fupi, na kumkazia mtu mzima macho ni utovu wa adabu; basi kijana akiulizwa kama aupenda mji wao hujibu ndiyo, naupenda sana, akainamisha uso akangoja, na mtahini hana alama ya kukitilia kimya hicho. Huyo naye afanye mojawapo kati ya mawili: ama ajizoeze kurefusha maneno mbele ya wageni, ama achague mtihani wa kipaza sauti, kisicho na uso wa kuuonea haya. Lafudhi ya pwani isimtie hofu, kwa sababu kinachopimwa ni kufahamika. Kwa upande wa kuandika, insha kubwa ya IELTS ni ya maneno yasiyopungua 250 kwa dakika 40, nayo yataka msimamo wa mwandishi uonekane mapema. Sisi tuliozoea baraza tunapenda kulizunguka jambo kwanza, tukalitolea mifano na visa, kisha ndipo tulitaje. Ufasaha huo una heshima yake kwetu, na sitaki kijana yeyote auache, ila ajue kuwa katika chumba kile utammalizia wakati.

Kuna jambo la muda pia. Vyeti vya IELTS, TOEFL, PTE na Duolingo kwa kawaida hukubaliwa kwa miaka miwili tu, kwa hiyo anayeufanya mapema mno, akakosa ufadhili mwaka wa kwanza na wa pili, hujikuta akianza upya. Vyeti vya Cambridge havina mwisho, na mtihani wao wa daraja ya juu ni mkongwe kuliko yote niliyoitaja: ulifanywa mara ya kwanza mwaka 1913, ukachukua saa 12, watahiniwa wakawa watatu, na wote watatu wakaanguka. Huwasimulia wanafunzi wangu kisa hicho wanapokuja na alama ya 6 wakilia, wakitaka 6.5.

Binti nimemjibu kwa mkono wangu. Nimemtaka aviandikie vyuo vyake vitatu, kila kimoja barua yake, aulize kama shahada yake inatosha, na kama haitoshi, ni mtihani upi na alama ngapi katika kila sehemu; tena asome masharti ya viza ya kila nchi mwenyewe, kwa macho yake. Hadi naandika safu hii chuo kimoja kimekwisha kumjibu, nacho hakitaki mtihani. Viwili anavingoja, na fedha ya ada ingali kwa mama yake.