Mlango wa Asubuhi, Kazi ya Mchana



Juma hili nataka tuzungumze habari ya desturi ambayo wengi wetu huishika kila siku kabla ya chai ya asubuhi, nayo ni kusoma Biblia. Katika nyumba nyingi za Wakristo hapa Kenya, baba au mama hufungua Kitabu, akasoma mistari michache, watu wakaomba, kisha kila mmoja akashika njia yake: huyu shambani, yule ofisini, watoto shuleni. Desturi hii ni njema sana, wala siandiki ili kuipunguzia sifa. Naandika kwa kuwa liko swali ambalo hatuna budi kujiuliza. Je, maneno tuliyoyasoma alfajiri huwa yamefika wapi itimiapo saa nne, jua linapoanza kuchoma na kazi ikashika kasi?

Yakobo, katika mlango wa kwanza wa waraka wake, amfananisha mtu asikiaye neno asilitende na mtu aliyejitazama katika kioo, kisha akaenda zake akasahau jinsi alivyo. Mfano huu wafaa kufikiriwa. Kioo hakimwoshi mtu uso. Kazi yake ni kumwonyesha mahali palipo na tope. Kuliondoa ni kazi ya maji na mkono. Basi mtu aweza kujitazama kila asubuhi kwa miaka 20, na tope likawa palepale.

Tukumbuke pia ya kuwa Kitabu hiki hakikutufikia kwa urahisi. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo alianza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Baada yake wengine walifanya kazi hiyo Mombasa na Unguja, kila upande ukifuata lahaja yake, mpaka Biblia nzima ya tafsiri ya umoja ilipotolewa mwaka 1952 ili iwafae watu wa pande zote. Hiyo ni miaka 108 ya kazi ya kalamu, homa na subira. Kitu kilichopatikana kwa gharama kubwa namna hiyo hakistahili kusomwa kama mtu ahesabuye shanga.

Wako wasomao ili wamalize. Hesabu yao ni sahihi: Biblia ina milango 1,189, na mtu asomaye milango mitatu kila siku ya kazi na mitano siku ya Jumapili ataimaliza yote kwa mwaka mmoja. Hilo si jambo baya. Lakini Waisraeli jangwani hawakupewa mana ya mwaka mzima. Walipewa pishi moja kwa kila mtu, ya siku ile, na iliyowekwa mpaka asubuhi iliingia mabuu, isipokuwa ile ya kungojea Sabato. Neno nalo ni vivyo hivyo. Sehemu ndogo iliyotumika leo yashinda sehemu kubwa iliyowekwa akiba kichwani.

Ili tusizungumze hewani, na tuchukue mlango mmoja tuupeleke kazini. Nimeuchagua wa 19 wa Mambo ya Walawi, kwa sababu wasomaji wengi wakifika kitabu hicho huruka, wakidhani kina habari za sadaka na ukoma tu. Kumbe ndimo ilimo ile amri ya kumpenda jirani jinsi mtu ajipendavyo, ambayo Bwana Yesu aliitaja kuwa ya pili kwa ukubwa. Nayo imo katikati ya habari za mavuno, mishahara, mashauri na mizani. Maana yake ni wazi. Mungu hakuliacha neno la upendo likielea juu kama wingu. Alilipanda shambani na sokoni.

Tuanze na mshahara. Mstari wa 13 wakataza ujira wa mtu wa kazi kulala kwa mwajiri mpaka asubuhi. Kumbukumbu la Torati, mlango wa 24, yaongeza sababu: mtu huyo ni maskini, naye ameutumainia ujira wake. Sasa tufikiri habari ya mwenye shamba aliyeita vibarua wanne kupalilia mahindi. Jua likitua awaambia, "Njooni kesho." Kesho yake hayupo. Kesho kutwa atafuta noti ndogo. Huenda fedha anazo, wala hana nia ya kuwadhulumu. Aona tu kwamba siku tatu si kitu. Kwake si kitu, kweli. Lakini mama aliyepalilia tangu asubuhi alikwisha kuahidi dukani kwamba jioni atalipia unga, na watoto wake hawali ahadi. Mwenye shamba akisoma mstari ule asubuhi, haimpasi kutafuta maana ya ndani sana. Imempasa kutafuta noti ndogo kabla vibarua hawajafika.

Tuje kwa makarani, watu wa kalamu. Mstari wa 14 wakataza kumlaani kiziwi na kumwekea kipofu kikwazo. Mtu asema, "Mimi sijapata kumtega kipofu, basi mstari huu haunihusu." Asubiri kidogo. Aliye mbele ya meza yako na karatasi asiyoweza kuisoma, huyo naye yu gizani kwa saa ile. Mzee aliyetoka mbali kwa miguu kuja kuuliza habari ya shamba lake, ukamwambia fomu haikutimia bila kumwonyesha palipopungua, umemwekea jiwe njiani. Ukimwambia atie alama ya kidole gumba mahali ambapo hukumsomea kwanza, umemwekea shimo. Tena ukimfanya aelewe, bila kutamka neno, kwamba karatasi yake ingetembea upesi kama angetoa kitu cha chai, hapo umemtega na kumnyang'anya kwa pamoja. Naye kiziwi ni nani? Ni kila mtu asiyeweza kujibu kwa kuwa hayupo, ambaye jina lake lasagwa ofisini wakati wa mapumziko.

Mwishoni mwa mstari huo limewekwa neno la kumcha Mungu. Haikuwa bure. Kipofu hakumwona aliyeweka kikwazo, na kiziwi hakumsikia aliyelaani, kwa hiyo hakuna shahidi wa kuitwa barazani. Shahidi amebaki mmoja tu.

Mstari wa 15 ni wa wazee wa mashauri, lakini wamhusu kila mtu aliyepata kuketi katika kikao cha ukoo. Waagiza watu wasimpendelee maskini wala kumstahi mwenye nguvu katika hukumu. Jambo la kwanza laweza kutushangaza, maana twadhani kumpendelea maskini ni huruma. Lakini huruma ina mahali pake, nayo hukumu ina mahali pake. Tuseme ndugu wawili wagombania mpaka wa shamba, mmoja ana duka na lori, wa pili hana kitu. Wazee wakimpa mpaka mwenye lori kwa sababu ndiye huchangia harambee, wamekosa. Wakimpa asiye na kitu kwa sababu wamemwonea huruma, na hali mashahidi wasema vingine, wamekosa pia, na ugomvi utarithiwa na watoto. Yapasa waamue mpaka kwa haki. Kisha, wakitaka kumsaidia maskini, kila mzee atie mkono mfukoni mwake mwenyewe, asitoe huruma kwa ardhi ya mtu mwingine.

Mistari ya 35 na 36 ni ya vipimo. Zamani hizo mfanyi biashara mdanganyifu alikuwa na mawe mawili mfukoni, zito la kununulia na jepesi la kuuzia. Sisi twajua debe ambalo kitako chake kimebonyezwa kikaingia ndani. Twamjua anunuaye mahindi kwa debe lililojazwa mpaka likawa kichuguu, naye akiuza husawazisha kwa kijiti. Na kwenye vyama vya ushirika, mkulima aletaye kahawa hutazama sindano ya mizani kwa moyo unaodunda, kwa kuwa ada za shule za watoto wake zimo katika sindano ile. Mtu wa mizani akisoma sehemu hii nyumbani, asiifunge Biblia akaiacha mezani. Apeleke macho yake ya asubuhi mpaka kwenye sindano.

Na tusisahau mistari ya 9 na 10, inayomwagiza mwenye shamba asivune mpaka pembeni kabisa, bali awaachie maskini na mgeni. Kwa agizo hilo Ruthu, mwanamke mgeni na mjane, alipata chakula katika shamba la Boazi huko Bethlehemu. Na kutoka kwa mwanamke huyo ulitokea ukoo wa mfalme Daudi. Boazi hakujua kwamba masuke machache aliyoamuru yaachwe yangekuwa na habari kubwa kiasi hicho. Alitenda lililoandikwa, basi.

Ni kweli ya kwamba katika mlango huohuo mna maagizo mengine, kama habari ya nguo za namna mbili na ya miti kutoliwa matunda mpaka mwaka wa tano, ambayo Wakristo huyasoma wakijua ya kuwa Waisraeli walipewa kwa wakati wao. Asiyeelewa na aulize kwa mchungaji au kwa mwalimu wake. Yule Mwethiopia wa Matendo ya Mitume, mlango wa 8, alikuwa mtu mkubwa, mtunza hazina ya malkia wake. Walakini alipokuwa akisoma garini hakuona haya kukiri kwamba ahitaji mtu wa kumwongoza.

Najua maneno mawili yatakayosemwa juu ya haya. La kwanza ni hili: "Ofisini petu wote hupokea chai. Nikikataa nitachukiwa." Sikatai kwamba atachukiwa. Danieli alichukiwa. Lakini tazama jinsi habari yake ilivyo: adui zake walipochunguza kazi yake ya serikali hawakuona kosa lolote, ndipo wakalazimika kutafuta sababu katika sala zake. Laiti kila karani Mkristo angelaumiwa kwa sababu hiyo tu! Mambo yetu mara nyingi ni kinyume: sala zetu hazina lawama, ila vitabu vya hesabu vina mashimo.

La pili ni hili: "Sisi twaokolewa kwa neema, si kwa matendo, mbona watuwekea mzigo wa sheria?" Jibu limo katika mlango wa 19 wa Luka. Zakayo hakulipa kwanza ili Yesu aingie nyumbani kwake. Yesu aliingia kwanza, wala hakumdai kitu. Kisha Zakayo mwenyewe alisimama akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Neema ilipoingia sebuleni ilifika mpaka kwenye mfuko. Isipofika huko, yafaa tuulize kama kweli iliingia.

Basi yafaa kufanya nini? Njia si ngumu. Kwanza, soma kidogo, tena polepole. Na kama nyumbani mna asiyejua kusoma, msomee kwa lugha aisikiayo vizuri. Pili, usitafute mstari wa kumpiga nao jirani au mke wako. Tafuta ulio wako. Wala usifungue Kitabu popote na kuweka kidole kama mpiga ramli. Tatu, kabla ya kukifunga, chagua tendo moja tu la siku ile, ukitaja mtu na wakati. Usiseme, "Leo nitakuwa mwema." Sema, "Leo, kabla ya saa sita, nitamlipa yule fundi aliyetengeneza mlango wangu." Nne, jioni hesabu kama karani afungavyo daftari lake. Kama hukulitenda, usiandike jipya; lihamishie kesho, liwe la kwanza.

Kwa juma lijalo nawashauri tuugawe mlango ule hivi: Jumatatu mstari wa 1 mpaka wa 10, Jumanne wa 11 mpaka wa 14, Jumatano wa 15 mpaka wa 18, Alhamisi wa 19 mpaka wa 31, Ijumaa wa 32 mpaka wa 34, unaosema habari za kuwaheshimu wazee na kumpenda mgeni, na Jumamosi, siku ambayo wengi huenda sokoni, wa 35 mpaka wa 37, habari za mizani. Haba na haba hujaza kibaba. Matendo sita kwa juma ni zaidi ya 300 kwa mwaka, na kijiji chenye nyumba kumi za namna hiyo hakitahitaji kuambiwa kwamba humo wamo watu wasomao Biblia. Vibarua watakuwa wamelipwa, debe litakuwa na kitako sawa, na mzee aliyekuja na karatasi yake atarudi kwao amesomewa yote kabla hajatia kidole.